Machi haina msimamo: maswali ya wasomaji kuhusu hali ya hewa ya wiki ijayo

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka Iowa na majimbo ya jirani huko Marekani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: wiki ijayo itakuwaje? Majibu yetu yanatumia Selsiasi, ila namba zinazotoka kwenye simu za wasomaji, kama 64 au 41, ni za Fahrenheit, na mahali kadhaa tumeweka zote mbili. Anayetaka kubadilisha haraka kichwani atoe 32, agawe kwa 2, kisha aongeze sehemu moja ya kumi ya alichopata. Nyuzi 64 zitakuwa 32, halafu 16, halafu kama 17 na nusu. Kwa kuchagua koti, inatosha.

Simu yangu inasema Jumatatu nyuzi 64 na jua, Jumanne 66 na radi, Jumatano 41 na theluji, Alhamisi 27, halafu Jumapili 58 tena. Jana ilisema mengine. Huu ni utabiri au bahati nasibu? Nina kibaraza cha kumwaga zege na mwenye nyumba ananiharakisha. (Fundi ujenzi, Des Moines)

Ni utabiri, tena si mbaya. Idara ya Marekani inayosimamia hali ya hewa na bahari, NOAA, inasema utabiri wa siku tano hupatia kama mara 9 kati ya 10, wa siku saba mara 8, na wa siku kumi au zaidi hupatia nusu tu. Kwa hiyo Jumatatu na Jumanne zako zichukue kama zilivyo. Jumapili ichukue kama fununu.

Kinachoyumbisha namba zako ni mahali ulipo. Iowa iko katikati ya uwanda mkubwa usio na mlima wa kukinga upande wa kaskazini wala kusini. Safu ya Rocky imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, hivyo haizuii chochote kati ya Canada na Ghuba ya Mexico. Mwezi Machi jua limeshapanda na kusini kumepata joto, lakini kaskazini bado kuna theluji. Hewa hizo mbili husukumana, na mkondo wa upepo mkali ulio kilomita 9 hadi 12 juu ya ardhi huzipeleka huku na huko kwa mawimbi, na wimbi jipya huja kila baada ya siku chache. Aliyekulia Bujumbura au Mombasa amezoea joto la mchana lisilobadilika sana kati ya Jumatatu na Jumatano, kinachokuja na kuondoka ni mvua. Hapa hewa yenyewe ndiyo inayoondoka ikaja nyingine.

Kwa sababu hiyo, vipicha vya jua na wingu kwenye simu havikusaidii. Unachotafuta ni saa ambayo mpaka wa hewa baridi utapita juu ya mji wako. Fungua weather.gov, tovuti ya hali ya hewa ya serikali ya Marekani, andika jina la mji, kisha shuka hadi kwenye grafu ya saa kwa saa. Angalia mstari wa joto pamoja na mwelekeo wa upepo. Pale upepo wa kusini unapogeuka kuwa wa magharibi halafu wa kaskazini-magharibi, na joto likaporomoka, mpaka ndio unapita. Kushuka nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi kwa saa chache ni jambo la kawaida mwezi huu.

Hiyo 41 ya Jumatano ndiyo mtego wenyewe. Kuna programu zinazohesabu siku kuanzia saa sita usiku, na mpaka ukipita usiku wa manane, kiwango cha juu cha siku kinakuwa kimefikiwa wewe ukiwa umelala. Ukiamka saa 12 asubuhi ni nyuzi 30 za Fahrenheit na theluji inaanguka, na hadi jioni haipandi. Mtu aliyevaa kwa ajili ya 41 atatetemeka kutwa nzima.

Asilimia za mvua nazo zisikuchanganye. Asilimia 40 haimaanishi mvua itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, wala juu ya asilimia 40 ya mji. Maana yake ni kwamba hapo ulipo kuna nafasi 4 kati ya 10 za kupata angalau robo milimita ya maji katika kipindi kilichotajwa, ambacho mara nyingi ni saa 12. Haisemi itakuwa nyingi kiasi gani. Kiasi kinaandikwa mahali pengine kwenye ukurasa huohuo, kwa inchi.

Sasa zege. Kwa ratiba hiyo, siku yako ni Jumatatu asubuhi. Zege changa likiganda kabla halijapata nguvu, maji yaliyomo hutanuka na kulipasua kwa ndani, na uso wake utamenyeka ukifika msimu unaofuata. Linahitaji kati ya saa 24 na 48 za kwanza bila kuganda, na ni vizuri libaki juu ya nyuzi 10 (50 za Fahrenheit) kwa siku mbili tatu. Ukimwaga Jumatatu saa 3 asubuhi, radi ya Jumanne jioni italikuta limeshashika na halitadhurika. Baridi ya Jumatano ndiyo ya kujikinga nayo: uwe na mablanketi ya kufunikia zege yenye sufi ndani tangu Jumatatu, maana mpaka wa hewa baridi huweza kuwahi kwa saa 12 bila kuaga. Nailoni peke yake huzuia maji kukauka, haizuii baridi. Funika hadi kingo, kwa sababu kingo na pembe huganda kwanza, na usifunue kabla ya Ijumaa.

Kabla ya yote chomeka nondo ardhini sehemu kadhaa. Ikigonga kitu kigumu kama mwamba inchi chache chini, udongo bado umeganda. Usimwage juu yake hata kukiwa na jua la namna gani, kwani udongo huo ukiyeyuka utatitia na kibaraza kitapasuka. Mwenye nyumba mwambie hivyo hivyo.

Nina kiplot katika bustani ya jamii. Nataka kupanda lengalenga, maharage, bamia na sukuma wiki wiki hii ya jua. Jirani yangu mzungu anasema nisubiri Mei. Nisubiri kweli? (Mama mkulima, Cedar Rapids)

Mama, jirani yako yuko sahihi kwa sehemu kubwa ya orodha yako. Mbegu zenyewe ndizo zenye kauli, na zinachosikiliza ni joto la udongo. Joto la hewa halizihusu. Chukua kile kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama, kiingize udongoni kina cha sentimita 5 hadi 8, saa 2 asubuhi, siku tatu mfululizo. Njegere na spinachi huota udongo ukiwa na nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi. Sukuma wiki nayo haina shida na baridi. Mahindi yanataka 10 kwenda juu, maharage 16, bamia na lengalenga 18 au zaidi. Jua la siku mbili za Machi hupasha uso wa udongo tu; chini ya kidole kimoja bado ni baridi ya Februari.

Ukilazimisha maharage kwenye udongo wa nyuzi 8, mbegu itafyonza maji baridi, ngozi na nyama yake ya ndani vitaharibika saa za mwanzo kabisa, kisha itaoza. Wengi wakifukua na kukuta uji wanalaumu duka la mbegu. Mbegu haikuwa na kosa.

Kuna kipimo cha pili kabla ya kushika jembe. Chota udongo, ufinye kiganjani, halafu ubonyeze kwa kidole gumba. Ukivunjika vipande, lima. Ukibaki donge linalong'aa, rudi nyumbani. Udongo mzito wa Iowa ukilimwa ungali na maji hutoa mabonge yanayokauka kama tofali, na utahangaika nayo hadi Julai.

Basi wiki ijayo, kama udongo umepita vipimo hivyo, panda njegere na spinachi nje. Sukuma wiki isie kwenye trei ndani, dirisha la kusini, uitoe baada ya wiki 5 au 6. Nyanya isie ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhamishia nje, na nyanya chungu wape wiki 8 kamili kwa sababu hukua polepole. Bamia haipendi kung'olewa mizizi, kwa hiyo isie kwenye vikopo vyake binafsi wiki 3 au 4 tu kabla. Lengalenga na maharage hazina haja ya trei. Zitasubiri Mei zikiwa kwenye pakiti. Wakulima wa Iowa ya kati husubiri hadi karibu tarehe 10 Mei kwa mazao yasiyovumilia baridi, kwa kuwa sakitu, yaani umande unaoganda juu ya majani, huendelea hadi mwishoni mwa Aprili na mara nyingine huvuka.

Kuhusu sakitu, usidanganywe na simu inayosema usiku utakuwa 36 za Fahrenheit (2 za Selsiasi). Kipimo hicho kinachukuliwa kwenye urefu wa mtu mzima. Usiku mweupe usio na wingu wala upepo, joto la ardhi hupaa moja kwa moja angani, na hewa nzito ya baridi hutulia chini, kwenye majani yako. Kule chini huwa imeshafika sifuri. Usiku wa nyuzi 34 za Fahrenheit wenye wingu na upepo huenda usiache hata chembe. Ndiyo maana unapotazama utabiri wa usiku, angalia joto, wingu na upepo kwa pamoja.

Ikitangazwa sakitu na miche tayari iko nje, mwagilia udongo mchana, maana udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu. Kabla jua halijazama, funika kwa shuka kuukuu lililosimamishwa kwa vijiti, liguse ardhi pande zote. Kazi yake ni kuzuia joto la ardhi lisitoroke, kwa hiyo ukifunika shina kama kilemba huku chini kukiwa wazi hujafanya kitu. Nailoni ikigusa jani, jani litaungua. Asubuhi joto likipita sifuri, funua. Miche iliyotoka ndani iizoeshe nje siku 7 hadi 10: siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, halafu uongeze kila siku.

Nilitoa matairi ya theluji wiki iliyopita. Sasa kila alfajiri taa ya upepo wa tairi inawaka, mchana inazimika. Nilijaza, ikawaka tena. Ni sensa imekufa? (Mfanyakazi wa zamu ya alfajiri, Omaha)

Sensa ni nzima. Upepo ndani ya tairi hupungua kama psi 1 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) kila joto linaposhuka nyuzi 10 za Fahrenheit. Taa hiyo huwaka tairi likiwa limepungua robo ya kipimo kilichowekwa na kiwanda. Kama gari lako linataka 35, taa itawaka kwenye 26. Ukijaza 30 mchana wa nyuzi 64 za Fahrenheit, alfajiri ya nyuzi 24 itabaki 26, na taa hiyo.

Jaza alfajiri kabla gari halijatembea, matairi yakiwa baridi. Namba ya kufuata imeandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake cha juu, usijaze kwa hiyo. Mchana itazidi kidogo, iache.

Matairi ya theluji umeyatoa mapema mno. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa chini ya nyuzi 7 (45 za Fahrenheit), na wewe unaendesha saa ya baridi kuliko zote. Yarudishe kama unaweza, au uongeze nafasi kati yako na gari la mbele hadi sekunde 8 au 10 barabara inapokuwa na barafu.

Barafu ya Machi ndiyo mbaya kwa sababu haionekani. Mchana theluji ya kando ya barabara inayeyuka, maji yanatambaa kukatiza lami, usiku yanaganda, na alfajiri unaona lami iliyolowa tu. Dalili moja: ikiwa magari yaliyo mbele hayarushi maji nyuma ya matairi na lami inang'aa, hiyo ni barafu. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwani baridi huyapiga juu na chini na hayana ardhi ya kuyapasha joto. Kipimo cha gari kikiwa kati ya nyuzi 0 na 3 za Selsiasi, hesabu kila daraja kuwa limeganda. Punguza mwendo kabla ya kulipanda. Ukiwa juu yake usikanyage breki wala mafuta kwa ghafla. Gari likianza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta na uelekeze usukani unakotaka kwenda. Ukilazimika kufunga, na gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), kanyaga breki na ushikilie. Pedali itatetemeka chini ya mguu, ndivyo inavyofanya kazi.

Na maji ya waipa yaliyomo sasa yawe ya baridi, yale yanayostahimili hadi nyuzi 20 chini ya sifuri ya Fahrenheit. Ya kiangazi yakirushwa kwenye kioo alfajiri hiyo yatakuwa pazia la barafu mbele ya macho yako.

Tulifikiri tornado ni ya Mei. Mwaka jana simu ililia mwezi wa tatu na watoto walianza kupiga kelele. Tunaishi ghorofa ya tatu, hatuna besimenti (chumba cha chini ya ardhi). Tufanye nini, na yale maneno mawili, "Watch" na "Warning", yanatofautianaje? (Baba wa familia, Iowa City)

Mei na Juni ndiyo miezi mikuu, ila Machi nayo ina historia. Tarehe 5 Machi 2022, tornado ya daraja la EF4, la pili kutoka juu kwa nguvu, ilipita karibu na Winterset, kusini-magharibi mwa Des Moines. Watu 7 walikufa Iowa siku hiyo, 6 katika kaunti ya Madison na 1 katika kaunti ya Lucas. Kwa hiyo Jumanne ya nyuzi 66 za Fahrenheit yenye upepo wa kusini na unyevu, huku hewa baridi inakuja nyuma yake, ni siku ya kuwa macho.

Maneno yenyewe. "Watch" inatolewa na kituo cha kutabiri tufani kilichoko Norman, Oklahoma, kwa eneo kubwa na kwa saa kadhaa: maana yake hali inaruhusu tornado kutokea. Hapo endelea na shughuli, lakini chaji simu, vaeni viatu, mjue watoto wako wapi. "Warning" inatolewa na ofisi ya hali ya hewa ya karibu nawe: tornado imeonekana kwa macho au rada imeona mzunguko. Hapo huna muda wa kuchungulia dirishani. Una dakika chache.

Kwa ghorofa ya tatu, panga leo. Ongea na jirani wa ghorofa ya chini, mkubaliane kwamba mtashuka kwake au kwenye korido ya chini isiyo na madirisha. Bafu la ndani ya jengo ni zuri, kwa sababu ukuta ni mfupi na una mabomba yanayoshikilia. Lifti msitumie. Kama hakuna namna ya kushuka, ingieni chumba cha katikati kabisa ya nyumba yenu, mbali na ukuta wa nje, mwiname mkikinga kichwa na shingo. Kofia za baiskeli za watoto ziwe karibu. Na viatu tunavirudia makusudi, maana baada ya tufani sakafu huwa vioo na misumari.

Wanaoishi kwenye nyumba za magurudumu waondoke wakati wa "Watch", wasingoje. Na kwa makanisa yetu mengi yanayokodi kumbi kubwa: paa pana lisilo na nguzo katikati ndilo huanguka kwanza. Mtu mmoja apewe kazi ya kufuatilia simu wakati wa ibada, na watu wajue mapema korido au vyoo vya kukimbilia. Aliye barabarani asijifiche chini ya daraja, upepo hubanwa pale ukazidi nguvu.

Ving'ora vya mjini vimewekwa kwa walio nje. Ukiwa umelala na madirisha yamefungwa huenda usisikie. Angalia kwenye mipangilio ya simu kama tahadhari za dharura zimewashwa, na kumbuka simu iliyowekwa hali ya ndegeni haipokei. Redio ndogo ya hali ya hewa, ya masafa kati ya 162.400 na 162.550 MHz na yenye betri, inakuamsha hata mtandao ukikatika.

Umeme ukikatika baada ya tufani, jiko la mkaa lisiingie ndani, wala gereji, hata mlango ukiwa wazi. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Jenereta ikae nje, futi 20 kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha.

Besimenti yetu iliingia maji Machi iliyopita na haikuwa hata mvua kubwa. Kwa nini, na tujiandae vipi? (Mpangaji, Council Bluffs)

Udongo ulioganda haunywi maji. Mvua ndogo ikikuta theluji juu ya ardhi iliyoganda, maji ya mvua na ya theluji hutiririka kwa pamoja juu ya ardhi kama juu ya sakafu. Ardhi iliyoganda na theluji iliyoyeyuka ni sehemu kubwa ya kilichofanya Nebraska na magharibi mwa Iowa zizame Machi 2019.

Kama kuna pampu kwenye shimo la besimenti, ijaribu Jumatatu. Mwaga ndoo ya lita 20 taratibu ndani ya shimo. Boya linapaswa kupanda, pampu iwake, maji yaondoke, izime yenyewe. Ikivuma bila kuvuta, safisha tundu la chini. Ikiwaka bila maji kupungua, nenda nje uangalie mdomo wa bomba. Mara nyingi umezibwa na barafu au theluji. Maji yatokee futi 10 kutoka ukutani, na mifereji ya paa pia. Sogeza theluji iliyorundikwa kwenye msingi wa nyumba kabla haijayeyuka. Mpangaji mwandikie mwenye nyumba, kwa maandishi, kabla ya Jumanne.

Na barabarani: maji yanayokwenda ya inchi 6 humwangusha mtu mzima, inchi 12 hubeba gari dogo, inchi 24 hubeba karibu gari lolote. Geuza.

Chumvi ya barafu niweke kiasi gani mlangoni? Mume wangu anamwaga mfuko mzima. (Dada, Davenport)

Kikombe kikubwa cha kahawa, kama nusu kilo, kinatosha futi mraba 250. Koleo kwanza, chumvi baadaye. Punje zisambae, zisigusane. Chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit (9 chini ya sifuri za Selsiasi) chumvi ya kawaida haifanyi kazi karibu hata kidogo. Tumia kalsiamu kloraidi, au mchanga ili mtu asiteleze. Ile iliyobaki juu ya lami kavu ifagie uitumie tena. Mfuko mzima unaua nyasi na kula zege.

Watoto wanakataa makoti kwa sababu kuna jua. Simu inasema 30 lakini "inahisi kama" 17. Nifuate ipi? (Mama wa watoto watatu, Columbus)

Kwa watoto fuata ile ya kuhisi. Nyuzi 30 (1 chini ya sifuri) kukiwa na upepo wa maili 20 kwa saa huivua ngozi joto kama vile ni 17 (8 chini ya sifuri). Kwa gari na mabomba fuata 30, kwa kuwa chuma hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa iliyokizunguka hata upepo uvume vipi.

Machi mvishe mtoto tabaka tatu nyembamba badala ya koti moja nene: ya ndani isiwe pamba, maana pamba ikilowa jasho haikauki; ya kati ya kutunza joto; ya nje ya kuzuia upepo na maji. Mchana atavua ya kati aitie begini. Soksi za akiba ziwe shuleni, kwa sababu tope la theluji ndilo linalolowesha miguu.

Bwawa karibu na nyumbani bado lina barafu nene. Vijana wanataka kuvulia samaki juu yake. (Mzazi, Minneapolis)

Hapana. Inchi 4 zinazotajwa kuwa zinatosha mtu kutembea ni za barafu mpya, ngumu, inayopitisha mwanga. Barafu ya Machi imeyeyuka ndani na kubaki nguzo nyembamba zilizosimama wima, na hata ikiwa na inchi 12 inaweza kuachia. Ikiwa ya kijivu au imeachana na ukingo, asikanyage mtu.

Saa zinabadilishwa lini, na nitajuaje muda wa kupiga simu nyumbani? (Msomaji, Des Moines)

Jumapili ya pili ya Machi, saa 8 usiku inakuwa saa 9. Kabla ya hapo Nairobi na Dar es Salaam zimekutangulia saa 9, baadaye saa 8. Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi ni saa 8, kisha 7. Ukizoea kupiga saa 2 usiku ukamkuta mama Nairobi ameamka saa 11 alfajiri, baada ya mabadiliko utamwamsha saa 10.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu. Baridi kali ya usiku hufikia kilele karibu na macheo. Kabla ya mabadiliko jua huchomoza Des Moines kama saa 12 na nusu asubuhi, na baada yake inakuwa saa 1 na nusu. Barafu iliyokuwa inaanza kulegea watoto wakitoka kwenda kituo cha basi, sasa inakuwa katika ugumu wake wote saa hiyohiyo, gizani. Kwa wiki mbili tatu za kwanza watoke dakika 10 mapema na wavae kitu kinachong'aa.